Luca Pacioli: Mtawa aliyewafundisha wafanyabiashara kulinda daftari

WENGI humwita Baba wa Uhasibu, lakini Luca Pacioli hakubuni mfumo wa kuandika hesabu pande mbili. Alikuwa mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati, aliyeweka kitabuni kile ambacho wafanyabiashara wa Venice walikuwa tayari wakikifanya.

Alizaliwa katikati ya karne ya 15 katika mji wa Sansepolcro, Italia. Akiwa kijana alikwenda Venice kufundisha watoto wa mfanyabiashara mmoja, na huko akajionea jinsi bidhaa na mikopo inavyoandikwa. Baadaye alifundisha Perugia na miji mingine. Mwaka 1494 alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati, Summa de arithmetica, chenye sehemu ya hesabu za biashara. Alikiandika kwa Kiitaliano, si Kilatini cha wasomi.

Humo alieleza daftari tatu: la matukio ya kila siku, la kupanga miamala kwa utaratibu, na leja. Alitaka kila ukurasa uwe na namba. Ukichanwa, pengo linaonekana. Kabla ya kutumika, daftari zipelekwe ofisi ya mji inayosimamia biashara, na karani aandike ni za nani na zitaandikwa kwa mkono wa nani. Kiasi kikiingizwa upande usio wake, kirekebishwe kwa kuandika ingizo jingine upande wa pili, na la kwanza libaki likisomeka.

Huko Milan alifanya kazi na Leonardo da Vinci, aliyemchorea picha za kitabu kingine kilichochapishwa mwaka 1509. Alifariki mwaka 1517.

Ndugu msomaji, leo daftari limehamia kwenye kompyuta, lakini swali ni lile lile: nani ameandika? Kama chama chenu cha msingi kina makarani watatu wanaotumia nywila moja, kilo 480 zako zikigeuka 430 hakuna wa kuulizwa. Kila karani awe na nywila yake. Programu itunze jina la aliyebadilisha, tarehe, tarakimu ya zamani na mpya. Na anayeingiza takwimu asiwe na uwezo wa kufuta kumbukumbu hiyo. Kabla ya kununua programu yoyote, mwombe muuzaji akuonyeshe sehemu hiyo. Stakabadhi yako ya mizani nayo usiitupe.