MUYAKA BIN HAJI, MALENGA WA MVITA ALIYENIFUNZA KUHESABU MIZANI

 Mwaka huu niliumia kidogo moyoni. Katika shindano la Chama cha Kiswahili muhula wa kwanza niliandika shairi la beti tano la kumkumbuka babu yangu, aliyetuacha nikiwa Kidato cha Pili. Nililipenda sana shairi lile. Niliporudishiwa karatasi nikakuta alama nne kwa kumi. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita kila mahali: hapa mizani imepungua, hapa kina kimepotea, hapa kibwagizo kimebadilika bila sababu.

Nilikasirika, sitaki kuwadanganya. Nikajiambia kwamba sheria hizi za ushairi zimewekwa kututesa sisi wanafunzi. Mtu akiwa na uchungu wa kweli, kuhesabu silabi ni kwa nini?

Mwalimu mlezi wa chama hakunikemea. Alinituma maktabani nikasome habari za mtu mmoja wa Mombasa, kisha nirudi nimweleze ni kwa nini mtu huyo anajulikana hadi leo. Mtu mwenyewe ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Haya ninayowasimulia ndiyo niliyomweleza mwalimu.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, akafariki 1840. Siku hizo hapakuwa na nchi iitwayo Kenya. Mombasa, ambayo wenyeji huiita Mvita, ilikuwa chini ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani. Makao ya utawala wao yalikuwa ile ngome kubwa ambayo sisi huiita Fort Jesus. Wamazrui walianza kama maliwali wa kuwekwa na Omani, lakini baadaye wakakataa kuamrishwa kutoka huko, wakawa wanajitawala. Muyaka alikuwa upande wao. Ukitaka kumwelewa mzee huyu, shika jambo hilo moja: aliupenda mji wake, na hakutaka utawaliwe na mtu wa mbali.

Sasa, mashairi mengi ya pwani tuliyorithi kutoka kabla ya wakati wake ni ya dini. Kulikuwa na tenzi ndefu za kusimulia vita vya Uislamu na maisha ya Mitume, na kulikuwa na mashairi ya mawaidha. Utenzi, kama tunavyofundishwa, una vipande vifupi vya mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza vya kila ubeti huwa na kina kimoja, na cha nne huwa na kina chake ambacho hurudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Kina hicho kinachorudi huitwa bahari. Utenzi hufaa kwa hadithi ndefu kwa sababu unakwenda mbio, haukuchoshi.

Muyaka alishika njia nyingine. Wataalamu wanamsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Si kwamba aliipinga dini, la hasha! Alichofanya ni kutunga juu ya mambo ambayo watu wa mji waliyazungumza kila siku: siasa, vita, njaa, mapenzi, marafiki wanaogeuka, hata mafumbo ya kuwachemsha watu bongo. Na chombo alichokitumia zaidi ni shairi la tarbia, hili hili linalotutoa jasho darasani.

Hebu tulipasue kidogo. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Mshororo wa kwanza huitwa mwanzo, wa pili mloto, wa tatu mleo na wa nne kituo. Kituo kikirudiwa vilevile katika kila ubeti huitwa kibwagizo. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili. Kipande cha kwanza ni ukwapi na cha pili ni utao. Kila kipande kina mizani 8, kwa hivyo mshororo mzima una mizani 16. Mwisho wa ukwapi kuna kina cha kati, na mwisho wa utao kuna kina cha mwisho.

Na mizani ni nini? Ni silabi, yaani pigo moja la sauti. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Neno mtu nilikuwa nalihesabu mizani moja kwa sababu nililiona fupi. Kumbe ni mbili, m na tu. Nalo Mombasa ni tatu: Mo, mba, sa. Ukilitamka polepole huku ukipiga kofi utaona mwenyewe.

Kosa jingine ambalo mtu angeweza kumhesabia Muyaka si kosa. Yeye alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Husemi nchi, wasema nti. Husemi njia, wasema ndia. Kwa hivyo ukimsoma, usikimbilie kusema amekosea Kiswahili. Hiyo ndiyo lugha iliyomlea.

Turudi kwa maisha yake. Mnamo miaka ya 1812 na 1813 hivi, Mombasa ilishirikiana na Pate kuishambulia Lamu. Muyaka alitunga mashairi ya kuwatisha Walamu na kuwatia moyo watu wake. Lamu nao walikuwa na malenga wao, Bwana Zahidi Mngumi, ambaye hakukaa kimya. Mmoja alirusha, mwingine akarudisha. Mashairi ya namna hiyo ndiyo tunayaita majibizano au malumbano. Siku hizo hapakuwa na redio wala gazeti pwani. Shairi lilibebwa kwa mdomo, likasafiri jahazini kutoka bandari hadi bandari. Jamani, fikiria unatukanwa kwa vina na mizani, na mji mzima unayajua matusi hayo kwa moyo kabla hujajibu!

Basi jeshi la Mombasa na Pate likashuka Shela, karibu na mji wa Lamu, na hapo likapigwa vibaya sana. Lakini jambo baya zaidi kwa Mombasa lilikuja baada ya vita. Walamu, wakihofia kushambuliwa tena, waliomba ulinzi wa Seyyid Said, mtawala wa Omani. Naye hakuchelewa, akatuma liwali wake Lamu. Tangu hapo mkono wa Seyyid Said ukaanza kuinyemelea Mombasa. Mwaka 1824 Wamazrui walijaribu kujikinga kwa kupandisha bendera ya Waingereza, lakini ulinzi huo ulidumu kama miaka miwili tu, Waingereza wakaondoka. Kuanzia 1828 Seyyid Said alileta majeshi zaidi ya mara moja, na Mombasa ikashindana naye. Muyaka alikuwa hapo akitunga, akiwasifu mashujaa, akiwazindua waliolala.

Mwisho wake ulikuja 1837. Baada ya Wamazrui kugombana wao kwa wao juu ya uongozi, Seyyid Said aliuteka mji. Viongozi wengi wa ukoo huo wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa mbali, wasirudi tena. Muyaka alikuwa mzee wa miaka sitini hivi. Aliishi miaka mitatu zaidi katika mji ule ule, lakini chini ya utawala ule aliokuwa ameupinga tangu ujana wake. Kisha akafa. Alishindwa vita vyake vyote, ukipenda kusema hivyo.

Niliposoma hapo nikaufunga ule mswada wangu wa maelezo, nikajiuliza: sasa huyu anajulikana kwa nini? Aliowapenda waliondolewa. Diwani hakuchapisha. Kwa kawaida jina lake lingezikwa naye.

Lakini sivyo ilivyokuwa. Miaka zaidi ya arobaini baada ya kifo chake, watu wa Mombasa walikuwa bado wanayakariri mashairi yake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa mji huo aliyefariki 1890, aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza aitwaye W. E. Taylor, na karatasi hizo zikaishia kuhifadhiwa London. Mwaka 1940, miaka 100 kamili tangu malenga afe, William Hichens alichapisha diwani yake huko Afrika Kusini. Kisha 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, Mkenya mwenzetu, alitoa kitabu kikubwa juu yake hapa Nairobi.

Sasa fikirini nami. Mashairi hayo yalivukaje hiyo miaka arobaini na kitu? Mengi yalikaa vichwani mwa watu. Na kilichoyashika humo ni hizo hizo vina na mizani ambazo mimi nilizichukia. Ukisahau neno, kina kinakukumbusha. Ukiongeza neno lisilokuwepo, mizani inakataa na sikio lako linajua kuna kitu kimeharibika. Ukipotea njia, kibwagizo kinakurudisha. Sheria zile ni kama kamba za mzigo: bila kamba, mzigo humwagika njiani.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Abdilatif Abdalla, naye mtoto wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, akatoka 1972. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za choo. Yakachapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hata katika dhiki ile hakuvitupa vina na mizani.

Hapo nikamkumbuka babu. Alitusimulia mambo mengi sana jioni. Leo nyumbani tukijaribu kuyarudia, kaka yangu anasema hivi, mama anasema vile, mimi sina hakika. Lakini kuna wimbo mmoja mfupi aliokuwa akiimba akichunga ng'ombe. Huo sote tunaujua, neno kwa neno, na hakuna anayebishana. Mbona? Kwa sababu ulikuwa na mapigo yake na sauti za kurudiarudia. Ule wimbo umetubakia mzima.

Basi nikaliandika upya shairi langu, huku nikihesabu kwa vidole hadi roommate wangu bwenini akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mara hii nilipata saba kwa kumi. Si kumi, lakini nimeridhika. Likizo iliyopita nililisoma nyumbani mara tatu tu, na kabla sijarudi shuleni nilimsikia dada yangu mdogo wa darasa la nne akilikariri kibwagizo chake akiosha vyombo. Hakuwa na karatasi.

Kwa hivyo, wenzangu wa Kidato cha Kwanza, mkifundishwa mloto na mleo, ukwapi na utao, msinune kama nilivyonuna mimi. Pigeni makofi, hesabuni, rudieni. Na yeyote mwenye babu au nyanya aliye hai, akamsikilize leo, kisha alifunge lile analolisikia kwa vina na mizani.