Edgar Sengier, bwana mkubwa wa mawe ya Shinkolobwe

Sisi wa Salamabila tunajua dhahabu ya Namoya. Lakini kuna jiwe lingine la Kongo, uraniamu, ambalo leo linawasha umeme mu nchi za wengine. Aliyeliuza ni Edgar Sengier, Mbelgiji wa Kortrijk, aliyezaliwa mwaka 1879. Alisomea kazi ya migodi, mwaka 1911 akaingia Union Minière, akapanda mpaka kuwa mkubwa wake.

Mbele walichimba Shinkolobwe, kule Katanga, juu ya radiumu tu, dawa ya kansa. Uraniamu ilihesabiwa karibu kama takataka. Mwaka 1937 mgodi ukafungwa, maji yakajaa. Mwaka 1939 wataalamu wa Uingereza na Ufaransa wakamwonya Sengier kwamba jiwe lake linaweza kuzaa silaha. Mtu wa hesabu, hakungoja. Mwaka 1940 akatuma New York tani zipatazo 1,200, zikalala mu magazeni ya Staten Island. Septemba 1942 Kanali Nichols wa jeshi la Marekani akaingia kwenye biro yake. Haikupita saa moja, biashara imekwisha. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka kwetu.

Tena, tusisahau jambo hili. Desemba 1941 Sengier akiwa New York, wafanyakazi wa kampuni yake kule Lubumbashi waligoma juu ya mshahara. Askari wakawapiga risasi. Na wale wa Shinkolobwe walichambua mawe kwa mikono, hakuna aliyewaambia ni jiwe gani. Mwaka 1946 Marekani ikatoa medali, ikamvalisha Sengier peke yake.

Alikufa Cannes, Ufaransa, mwaka 1963. Miaka mine mbele, 1959, Kinshasa ilipata mtambo wa kwanza wa nyuklia mu Afrika, TRICO, kilowati 50. Ni moto wa majiko 25 hivi ya umeme, tena ulikuwa wa masomo, haukuwasha hata taa moja ya mji.

Sasa wakubwa wa dunia wanasema umeme wa nyuklia uongezwe, uwe salama na wa bei nafuu. Njo vizuri. Mimi mtu wa sendika nauliza tu: mu bei hiyo, yule anayeshika jiwe la kwanza amehesabiwa?

Shinkolobwe waliiziba kwa beton mbele ya uhuru. Kreuseri wakarudi. Mwanzo wa 2004 serikali ikaifunga; Julai mwaka ule ule shimo likaanguka, watu wakafa. Walikuwa wanatafuta kobalti.