Marehemu Murumbi na Hazina Aliyokataa Kuiuza Ng'ambo

Watu wa Nairobi wakitaka kukutana katikati ya mji hupeana miadi mbele ya Jumba la Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Mtu husimama pale nusu saa nzima akimngojea mwenziwe aliyekwama na magari Westlands au Kangemi, ananunua njugu, anasoma gazeti la mwenziwe kwa pembeni, na katika nusu saa ile haigeuzi shingo yake kutazama ndani. Jumba lile zamani lilikuwa benki. Hii leo fedha hazimo, lakini hazina imo, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ilikusanywa na mtu mmoja: Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya.

Vijana wetu wakiulizwa majina ya makamu wa rais, huanza na Jaramogi Oginga Odinga wakarukia kwa Daniel arap Moi. Katikati wamemwacha mtu. Si ajabu, kwa kuwa cheo chenyewe alikikalia kwa miezi tu, kuanzia Mei 1966 hadi alipojiuzulu kabla ya mwaka ule kumalizika. Lakini mimi naona kumpima Murumbi kwa miezi ile ni kumdhulumu.

Alizaliwa Juni 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa Mgoa mfanya biashara, katika wale waliofuata reli na kufungua maduka bara. Mama yake alikuwa Mmasai, na jina hili la Murumbi latoka upande wa mama. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa Bara Hindi kusoma, akakaa huko hadi akawa kijana, na aliporudi Kenya katika miaka ya mwanzo ya 1930 alikuta nchi ambayo kila kitu kimegawanywa kwa rangi. Mhindi ana foleni yake, Mwafrika ana yake, Mzungu hana foleni. Mtu wa damu mbili asimame wapi? Angeweza kujiita Zuzarte akapata nafuu kidogo. Yeye alichagua kuwa Murumbi, mtu wa upande wa mama yake, na nafikiri katika jambo hilo ndimo ulimo ufunguo wa maisha yake yote.

Miaka ya 1940 aliitumia kwa majirani zetu wa Mogadishu, akifanya kazi katika utawala wa Waingereza walioitwaa Somalia kutoka kwa Wataliani. Alirejea nyumbani siasa zikiwa zimepamba moto. Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, Jomo Kenyatta na wenziwe wakakamatwa, na chama cha KAU kikabaki kama jahazi lisilo nahodha. Murumbi akashika kazi ya ukatibu wa chama kwa muda. Halikuwa jambo dogo. Kila aliyeketi katika kiti kile alijua askari wamekwisha kuijua njia ya kuendea. Mwaka wa 1953 akaondoka nchini, akapitia India kuwaeleza watu mambo ya Kenya, kisha akafika London, na huko akakaa uhamishoni karibu miaka tisa.

London ndiko alikopatwa na ugonjwa wa kukusanya. Mchana alifanya kazi katika chama cha Waingereza waliopinga ukoloni, na baadaye katika ubalozi wa Morocco. Wakati uliobaki aliutumia katika maduka ya vitabu vikuukuu. Vitabu vya wasafiri, vya wamishonari, vya maofisa wa kikoloni, ramani, barua, chochote kilichoandikwa juu ya Afrika. Mshahara wake ulikuwa mdogo na vitabu vilikuwa rahisi, kwa kuwa wenye maduka wenyewe hawakuona kwamba habari za Afrika zina thamani kubwa. Huko huko alikutana na Sheila Kaine, Mwingereza mkutubi, wakaoana. Mkusanyaji akimwoa mkutubi, nyumba hiyo haina tena nafasi ya kuweka sahani.

Hapa nikatize kidogo nieleze kwa nini Murumbi amenijia akilini mwaka huu. Ami yangu mmoja, mtu wa Lamu aliyeishi Nairobi tangu ujana wake, amepanga nyumba Lavington miaka na miaka, nyumba ya zamani yenye bustani na bohari nyuma. Sasa mwenye kiwanja anataka kubomoa ajenge ghorofa, kama walivyofanya jirani zake wote kuanzia Kileleshwa mpaka Kangemi, na ami atahamia nyumba ya vyumba viwili juu kabisa. Taabu yake si vitanda wala makabati. Taabu yake ni masanduku manne ya chuma yaliyojaa sarafu.

Asidhani mtu kwamba ni dhahabu. Ami alianza kuweka sarafu mwaka wa 1966, Kenya ilipotoa fedha yake ya kwanza yenyewe, na hakuacha. Mna ndururu, peni na sumuni, shilingi zenye sura ya Kenyatta, zenye sura ya Moi, ile shilingi tano ya mwaka wa 1985 yenye pembe saba, zile za rangi mbili zilizoanza miaka ya 1990, ile ya shilingi arubaini ya mwaka wa 2003 yenye sura ya Kibaki, na hizi za Desemba 2018 zisizo na sura ya mtu, kwa kuwa Katiba ya mwaka wa 2010 imekataza. Twiga yu katika shilingi moja, kifaru katika tano, simba katika kumi, ndovu katika ishirini. Ya kila namna ameweka kwa mamia. Vijana wawili wenye nguvu hawawezi kuliinua sanduku moja bila kupumzika ngazini.

Wanawe wanamwambia auze. Akachukua mfuko mmoja akaupeleka kwa mnunuzi mjini, akiwa na matumaini mema. Mnunuzi aliufukua mfuko kama mtu achambuaye mchele. Akatoa shilingi chache za enzi ya Mfalme George wa tano, kwa kuwa shilingi za Afrika Mashariki hadi mwaka wa 1946 zilikuwa na robo ya fedha halisi ndani yake, na nyingine zote akamrudishia. Alimwambia kwa adabu kwamba za kisasa zimepigwa kwa mamilioni, na anayezitaka anaweza kuzipata kwa konda wa matatu. Ami alirudi Lavington kimya. Ndipo aliponiita kuniuliza rai yangu, maana mimi mwandishi, na watu hudhani mwandishi ana jawabu la kila kitu.

Kuhusu zaka ya fedha zinazowekwa miaka nenda miaka rudi nilimwambia awaulize wenye elimu. Mlango huo una wenyewe. Nilichoweza kumwambia ni kwamba kuna maswali mawili ambayo yeye ameyafanya moja. Bei ya sarafu ni swali moja, maana yake ni jingine. Sisi washairi twapenda kukumbushana kwamba masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maneno ya Kiarabu yanayotiana vina, jina la sultani upande huu na kumtegemea Mola upande wa pili. Zilikuwa fedha ndogo, za kununulia samaki. Tano kati ya hizo zilipatikana mwaka wa 1944 katika visiwa vya kaskazini ya Australia, na mpaka leo wataalamu wanazozana zilifikaje. Kama kila mtu wa Kilwa angeuliza bei tu, zisingebaki hata moja. Lakini pia ni kweli kwamba mtu hawezi kulala juu ya masanduku manne. Basi nikamsimulia habari ya Murumbi, na ndiyo ninayoimalizia hapa.

Murumbi alirudi Kenya mwaka wa 1962, akawa mweka hazina wa KANU, kisha Waziri katika ofisi ya Waziri Mkuu, kisha Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma nchi iwe na hifadhi yake ya nyaraka, na sheria ya jambo hilo ikapitishwa mwaka wa 1965. Mwaka huo huo, Februari 24, rafiki yake mkubwa Pio Gama Pinto, naye Mgoa, naye mpigania uhuru, alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake huko Westlands. Murumbi alipojiuzulu mwaka uliofuata sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Waliomjua wamesema kwamba kifo cha Pinto, na uroho wa mali aliouona ukiingia serikalini, ndivyo vilivyomkata maini. Akaingia katika biashara, akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini, na fedha alizopata akazimwaga katika mapenzi yake ya zamani.

Nyumba yake ya Muthaiga ikajaa. Vinyago vya Afrika Magharibi, viti vya wazee, silaha, mapambo, nguo zilizofumwa kwa mkono, picha za wachoraji wetu ambao wakati huo hapakuwa na mtu wa kuwanunulia. Stempu za nchi za Afrika, mkusanyo ambao wajuzi wanauhesabu katika mikubwa ya aina yake duniani. Na vitabu maelfu kwa maelfu, zaidi ya 8,000 kati yavyo vikiwa vimechapwa kabla ya mwaka wa 1900. Pamoja na Sheila na Mmarekani Alan Donovan alianzisha duka la sanaa la African Heritage mjini Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1970, ili kazi ya mikono ya Mwafrika iuzwe kwa heshima badala ya kutandazwa chini kama viazi.

Umri ukasogea. Yeye na Sheila hawakuwa na mtoto wa kumwachia. Wanunuzi wa ng'ambo wakaanza kubisha hodi, na mifuko yao ilikuwa minene. Murumbi angeweza kuuza kwa bei ya juu na mali yote ikapakiwa melini pale Kilindini, ikaishia katika majumba ambayo Mkenya huhitaji visa kuyaona. Angeweza pia kuikumbatia mpaka afe, ikaliwa na mchwa na wajanja. Hakufanya hili wala lile. Katikati ya miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya kwa bei ya chini kuliko aliyoahidiwa nje, ikawa chini ya ulinzi wa Nyaraka za Kitaifa. Na nyumba ya Muthaiga nayo akaiuzia serikali, kwa makubaliano kwamba itakuwa chuo cha utafiti wa mambo ya Afrika, kitakachobeba jina lake, na wanafunzi waje wasome vitabu vile pale pale vilipokuwa.

Yeye na mkewe wakahamia Transmara, katika nchi ya watu wa mama yake, wakajenga nyumba kubwa katika shamba liitwalo Intona.

Nataka msomaji aishike tofauti iliyotokea. Vitu vilivyobebeka vilisalimika. Vitabu, stempu na vinyago vilipelekwa mjini, na viko. Nyumba haikusalimika. Chuo hakikujengwa, kiwanja cha Muthaiga kikakatwa vipande, nyumba ikabomolewa na miti aliyoipanda ikaangushwa. Murumbi wakati huo alikuwa amekwisha kupatwa na kiharusi, akitembezwa kwa kiti cha magurudumu, na walio karibu naye wamesimulia kwamba siku alipopelekwa kuiona nyumba yake akakuta uwanja mtupu, afya yake haikuinuka tena. Ahadi ya vitu iliandikwa ikawekewa mlinzi. Ahadi ya kiwanja iliandikwa vile vile, lakini kiwanja cha Muthaiga kilikuwa na wapenzi wengi mno.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mimi namshauri auze au aweke. Nilimwambia achambue: achukue moja moja ya kila namna na ya kila mwaka, safi kuliko zote, aandike kwa mkono wake alipoipata na ilinunua nini wakati huo, mkate au nauli ya kwenda Kawangware, maana hayo mnunuzi hayajui na hayamo katika kitabu chochote. Hizo zingeingia katika kasha moja la mbao, na kasha moja lapata mahali hata katika ghorofa ya juu. Zilizozidi, zile ambazo bado zapita sokoni, azipeleke benki zirudi mikononi mwa watu. Alinung'unika kwamba ni kazi ya miezi. Ni kweli, na kazi hiyo Murumbi aliifanya miaka mingi, kadi baada ya kadi, na ndiyo sababu serikali ilipopokea mali yake ilijua inapokea nini.

Murumbi alifariki Juni 22, 1990, siku chache baada ya kutimiza miaka 79. Alitaka azikwe karibu na Pinto, akazikwa City Park, kule Parklands, na Sheila alimfuata mwaka wa 2000 akalazwa ubavuni pake. Kwa muda mrefu makaburi yale yaliachwa, wezi wakayaharibu, na bustani yenyewe ikanusurika kunyakuliwa. Donovan na marafiki wengine wakafanya juhudi mpaka mwaka wa 2009 pakafunguliwa bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wachongaji wa Kiafrika. Ukiingia City Park uliza tu, wachuuzi wa ndizi watakuonyesha. Nyani wengi wako njiani, kwa hiyo ndizi zenyewe zifiche. Murumbi na mkewe wako pamoja, na Pinto yuko hatua chache kutoka kwao.