Audre Lorde: Mshairi aliyekataa kuificha saratani yake

Februari 1984, mwezi aliotimiza umri wa miaka 50, mshairi wa Marekani Audre Lorde aliambiwa na madaktari jijini New York kuwa ini lake lina uvimbe. Miaka sita kabla ya hapo alikuwa amekatwa titi la kulia kutokana na saratani, na sasa ilihofiwa kuwa ugonjwa ule ule ulikuwa umesambaa. Alishauriwa apasuliwe ili ini lichunguzwe. Lorde alikataa, akafunga safari kwenda Berlin Magharibi kufundisha chuo kikuu.

Haukuwa uamuzi mwepesi, na wapo hadi leo wanaoona kuwa ulikuwa wa hatari. Hata hivyo, ulilingana na maisha yote ya mwanamama huyo.

Alizaliwa Februari 18, 1934 katika mtaa wa Harlem, akiwa mdogo kati ya mabinti watatu wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani. Macho yake yalikuwa hafifu mno na alichelewa kusema, lakini alipoanza kusoma hakuacha. Shairi lake la kwanza lilichapishwa katika jarida la wasichana angali mwanafunzi wa sekondari. Baadaye alisomea ukutubi katika Chuo Kikuu cha Columbia, akafanya kazi maktaba, akaolewa na kuzaa watoto wawili kabla ya ndoa hiyo kuvunjika mwaka 1970. Tangu hapo aliishi na wapenzi wa kike, jambo ambalo nalo hakulificha.

Kipo kipindi kimoja cha ujana wake ambacho alikitafakari sana alipougua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi katika kiwanda kimoja huko Stamford, jimbo la Connecticut, kilichotengeneza vipuri vya redio na rada. Wafanyakazi, wengi wao wakiwa weusi na Wapuerto Riko, walisafisha vipande vya mawe kwa kemikali kali na kuvipima kwa mashine za eksirei. Malipo ya ziada yalitegemea idadi ya vipande, hivyo baadhi yao waliondoa vikinga mionzi ili kazi iende upesi. Hakuna aliyewaeleza kuwa kemikali ile huharibu ini. Haiwezekani kuthibitisha kuwa hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia, lakini tangu wakati huo Lorde hakuamini tena kuwa kila anayekaa kimya anafanya hivyo kwa nia njema.

Mwaka 1977 uvimbe wa kwanza ulionekana katika titi lake. Ulipochunguzwa ulikutwa si saratani. Septemba 1978 ukaonekana mwingine, na safari hii ilikuwa saratani.

Alipokuwa bado hospitalini baada ya kukatwa titi, mama mmoja wa kujitolea alimletea titi bandia la sufu, la rangi ya waridi iliyofifia. Lorde, mwanamke mweusi, alilijaribu mbele ya kioo akaliweka kando. Siku chache baadaye alikwenda kumwona daktari wake bila kitu hicho kifuani, na muuguzi akamlalamikia kuwa anawavunja moyo wagonjwa wengine. Kauli hiyo ilimuuma kuliko kidonda. Aliona kuwa wanawake waliokatwa matiti wanafundishwa kujificha, na kwa kujificha wanashindwa kutambuana. Kila mmoja anabaki na hofu yake peke yake, hata pale wanapokuwa kumi katika chumba kimoja cha kusubiri. Mwaka 1980 alichapisha kitabu kuhusu ugonjwa huo, wakati ambapo wengi hata kulitamka neno saratani waliona haya.

Basi alipofika Berlin mwaka 1984 hakwenda kungoja kifo. Alifundisha mashairi ya wanawake weusi wa Marekani, na akawakusanya wanawake vijana wa Kijerumani wenye asili ya Afrika ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa pamoja. Miaka miwili baadaye wanawake hao walitoa kitabu cha kwanza cha aina yake kuhusu historia yao katika nchi hiyo.

Ni mjini humo alikoanza kudungwa sindano za Iscador. Dawa hiyo hutengenezwa kutokana na mmea wa Ulaya unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kufyonza maji yake. Hudungwa chini ya ngozi, kwa kawaida mara kadhaa kwa wiki, na mahali palipodungwa huweza kuwa pekundu na kuvimba. Wengine hupata homa. Desemba 1985 alilazwa Lukas Klinik, hospitali iliyokuwa Arlesheim nchini Uswisi iliyotumia tiba hiyo, na huko ndiko ilikothibitishwa kuwa uvimbe wa ini ulikuwa saratani iliyotoka kwenye titi.

Hapa yafaa tahadhari. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaiidhinisha Iscador kuwa tiba ya saratani, na haijathibitishwa kuwa inaiponya. Lorde aliishi karibu miaka tisa tangu uvimbe wa ini uonekane, muda mrefu kwa mgonjwa wa aina yake, lakini mgonjwa mmoja si ushahidi. Aliyepangiwa dawa za hospitali asiziache kwa sababu ya habari hii.

Kinachovutia zaidi ni namna alivyoishi na sindano hizo. Hazikumfanya mgonjwa wa kitandani. Aliendelea kufundisha New York, akasafiri hadi Cuba na Australia, akachangisha fedha kwa ajili ya wanawake wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Alikuwa na siku za maumivu na usiku wa woga, na yote aliyaandika katika shajara aliyoichapisha mwaka 1988: uchovu, hasira, hesabu ya kazi zilizobaki na nguvu zilizobaki.

Mwishoni mwa miaka hiyo alihamia kisiwa cha St. Croix, Karibiani, akaishi na mwenzi wake, msomi Gloria Joseph. Septemba 1989 kimbunga Hugo kilikipiga kisiwa hicho wakiwa humo, wakanusurika. Mwaka 1991 aliteuliwa mshairi rasmi wa jimbo la New York.

Alirudi Berlin mara ya mwisho mwaka 1992 na kuwasomea watu mashairi yake. Katika sherehe ya Kiafrika alikuwa amepewa jina jipya, Gamba Adisa. Alifariki dunia Novemba 17 mwaka huo huko St. Croix, akiwa na umri wa miaka 58. Mashairi aliyoyaandika katika miaka ya mwisho ya ugonjwa wake yalichapishwa mwaka uliofuata.