Alzheimer: Tabibu aliyefichua siri ya usahaulifu

MZEE wa Malili, Kaunti ya Makueni, akipotea njia ya kwenda kwake, wapo watakaotaja uzee na wapo watakaotaja uchawi. Aliyeonyesha kwamba chanzo chaweza kuwa maradhi ya ubongo ni tabibu Mjerumani, Alois Alzheimer.

Alizaliwa Juni 14, 1864, mjini Marktbreit. Alihitimu udaktari mwaka 1887, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Humo ndimo alimokutana, Novemba 1901, na Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyeshindwa hata kuandika jina lake.

Alzheimer alihamia Munich, lakini hakumsahau. Mama huyo alipofariki Aprili 1906, aliomba apelekewe ubongo wake. Kwa hadubini aliona mabonge kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, hawakujali kuyajadili. Mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, aliyapa maradhi hayo jina la Alzheimer.

Alifariki Desemba 19, 1915, akiwa na miaka 51, umri uleule wa Auguste siku walipokutana.

Leo yajulikana kuwa mabonge yale ni protini ya amiloidi, na nyuzi zile ni protini ya tau. Zote mbili huweza kupimwa katika damu au maji ya uti wa mgongo, miaka kadhaa kabla kumbukumbu haijapotea. Mzee anayesahau, basi, anastahili daktari, si shutuma.