Debussy naye alidisko

Kila mwisho wa muhula kuna maneno mawili yanayotembea kwenye korido zetu kuliko salamu: sapu na disko. Basi wakati wengine mnasubiri matokeo roho juu, nawaletea habari za kijana mmoja wa Paris aliyedisko darasa la piano, halafu dunia ikaja kumjua kwa piano hiyohiyo. Jina lake Claude Debussy.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1862 huko Saint-Germain-en-Laye, mji ulio jirani na Paris. Kwao hela ilikuwa ya kubahatisha. Baba alifungua duka la vyombo likamshinda. Mama alikuwa mshonaji. Mwaka 1871 wananchi wa Paris walipoasi na kuunda Komuni, baba alijiunga nao, na walipopigwa akaishia jela. Hukohuko jela akakutana na mwanamuziki Charles de Sivry, ambaye mama yake, Bi Mauté de Fleurville, alikuwa mwalimu wa piano. Mama yule akampokea mtoto na kumfundisha bila kudai ada. Oktoba 1872, akiwa na miaka 10 tu, Debussy akaingia Konsavatwari ya Paris, chuo kikubwa kabisa cha muziki Ufaransa.

Sasa sikilizeni mtihani wa pale ulivyokuwa. Kila mwaka ifikapo Julai, wanafunzi wa piano walipanda jukwaani mmojammoja mbele ya jopo la watahini na watu waliokuja kutazama. Wote walipiga kipande kilekile kilichopangwa, kisha wakapewa noti ambazo hawajawahi kuziona, wazipige papo hapo. Baada ya hapo ni tuzo ya kwanza, tuzo ya pili, cheti cha sifa, au mikono mitupu. Tuzo ya kwanza ndiyo iliyofungua njia ya kuwa mpiga piano wa majukwaani. Na baba yake Debussy alikuwa ameweka matumaini yake yote hapo. Kwa hiyo mtoto hakuwa anabeba noti peke yake, alibeba na njaa ya nyumbani. Wengi wetu mzigo huo tunaujua.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwaka 1874, akiwa bado hajafikisha miaka 12, alipata cheti cha daraja la pili kwa kupiga kipande cha Chopin. Mwaka 1875 akapanda hadi cheti cha daraja la kwanza, Chopin tena. Mwaka 1877 akapata tuzo ya pili kwa sonata ya Schumann. Imebaki ngazi moja! Mwaka 1878 akarudi jukwaani: hakupata kitu. Mwaka 1879 akarudi tena: hakupata kitu. Kwa taratibu za chuo, darasa la piano likawa limemfungia mlango, na ndoto ya baba ikazimika hapohapo.

Tusimpake mafuta. Kipaji alikuwa nacho, na kusoma noti ngeni alikuwa hodari sana. Ila bidii yake ilikuja na kuondoka kama umeme wa mgawo. Mwalimu wake wa piano, Antoine Marmontel, aliona uwezo huo, lakini mtihani ule ulitaka mtu wa kurudia kipande kimoja miezi mingi mpaka kisiwe na doa, na huyu kijana akili yake ilivutwa zaidi na sauti mpya ambazo hazimo kwenye kitabu.

Hakufungasha virago. Alibaki chuoni kwenye masomo mengine, akaingia darasa la kusindikiza kwa piano, na mwaka 1880 akachukua tuzo ya kwanza ya darasa hilo. Mwaka huohuo alipata kibarua cha likizo kwa tajiri wa Kirusi, Nadezhda von Meck, akifundisha watoto wake na kupiga naye piano. Akahamia utunzi. Mwaka 1884 akashinda Tuzo ya Roma, iliyokuwa kilele kwa mtunzi kijana wa Ufaransa.

Kinachonifurahisha zaidi ni cha baadaye. Mwaka 1908 alimtungia binti yake mkusanyo wa vipande vya piano, na cha kwanza kinatania mazoezi ya vidole yanayowachosha wanafunzi. Mwaka 1909 Konsavatwari ileile ikamweka kwenye baraza lake kuu, na kwa mitihani ya 1910 yeye ndiye aliyetunga vipande vya watahiniwa wa klarineti. Aliyeshindwa mtihani sasa akawa anautunga! Mwaka 1915, tayari akiugua saratani, akaandika mazoezi 12 ya piano ambayo mpaka leo yanawatoa jasho mabingwa. Alifariki Paris tarehe 25 Machi 1918, mizinga ya Wajerumani ikiupiga mji.

Msinielewe vibaya, wanachuo wenzangu. Sisemi mtihani ni takataka, wala usiende kumwambia mzazi kwamba umedisko kama Debussy. Watahini wa 1879 walipima walichotakiwa kupima, na siku hiyo hakukifikia. Ila walipima kitu kimoja tu. Yeye akatafuta ni darasa gani lingine bado lina nafasi, akaenda kukaa humo na kusoma. Matokeo yakitoka vibaya, kabla hujapanda basi la nyumbani, nawe uliza kwanza.