Sayyid Ahmad bin Sumait: Aliyehama Akarudi

Ndugu zetu wa pwani wanaokaa huku Mundika, karibu na mpaka wa Uganda, hutuuliza ni nchi gani ya Kiislamu ifaayo kuhamiwa kwa ajili ya dini. Na watazame maisha ya Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akawa kadhi wa Unguja angali kijana, katika zama za Sayyid Barghash. Sultani huyu hakupenda kupingwa na wanazuoni. Ndiye aliyemfunga Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui. Ikaingia hitilafu baina yake na Sayyid Ahmad, naye akauacha ukadhi, akenda Istanbul, makao ya Khalifa. Huko alipokewa na Sayyid Fadhl Pasha, ambaye Waingereza walimtoa Malabar mwaka 1852. Sultani Abdulhamid akamtunukia nishani. Kisha akazidi kusoma Misri na Makka. Lau angebaki huko, nani angemlaumu? Sisi tusingethubutu.

Barghash alipofariki mwaka 1888, Sayyid Ahmad alirejea Unguja, akarudishiwa ukadhi. Mwaka 1890 nchi ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza, wala hakuhama mara ya pili. Alihukumu na kusomesha mpaka alipofariki mwaka 1925. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Al-Amin wa Mombasa, mwana wa yule Sheikh Ali aliyefungwa.